Rumu ya Mwalimu Githae

Ukitaka kumjua Githae wa Gitothua, usimwangalie usoni. Mwangalie miguu. Zaidi ya miaka ishirini alifundisha udereva hapo Ruiru, ameketi upande wa abiria kwenye kigari chenye breki mbili na klachi mbili, na miguu yake ikahitimu katika somo moja tu: kukanyaga zote kwa pamoja, upesi, kabla hatujafa. Mwanafunzi akiona ng'ombe na kufumba macho, Githae alikanyaga. Mwanafunzi akigeuka kumpungia shemeji yake mkono ng'ambo ya barabara, Githae alikanyaga. Hata kanisani, mhubiri akiingia kona kali ya mahubiri bila kupunguza mwendo, Githae alisikika akikanyaga sakafu, na Idah mkewe akimtia kiwiko cha mbavu.

Shule ikafungwa siku mwenye shule alipogundua kwamba uwanja wa kufundishia kurudi nyuma ungetosha nyumba za kupangisha ghorofa sita. Ruiru ndivyo ilivyo. Hapa hata kuku akitaga, kuna mtu atauliza hilo yai litapangishwa kwa nani.

Marafiki wakamshauri Githae afuge kuku, au anunue pikipiki, au ajiunge na kamati ya kanisa ambako angalau chai haikosekani. Yeye akakaa kwenye kochi na simu. Ndipo siku moja akaona kwenye video mama mmoja wa Norway, mashavu mekundu kama nyanya za Mwea, akivuta manyoya ya kondoo kwa vidole na kuyageuza kuwa uzi. Githae akatazama mara ya pili. Akatazama mara ya tatu. Jioni Idah aliporudi kutoka sokoni, ambako huuza maharagwe na njugu na kila kitu kinachoingia kwa gunia, mumewe alimpokea na tangazo.

"Mama Shiko, nimerudi shule."

"Shule gani?"

"Ya kusokota, kutia rangi na kufuma."

"Mwalimu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mwanafunzi?"

"Pia ni mimi."

"Haiya," Idah akasema, akivua viatu. "Basi mwalimu akikuchapa usije ukanililia."

Lazima isemwe kwamba chuo hicho cha kochini kilikuwa na heshima zake. Hakikuwa na migomo, hakikupoteza alama za mtu, na hakuna profesa aliyesomea watu makaratasi yaliyogeuka manjano tangu enzi za babu yake. Vyuo vingapi vya majengo vinaweza kusema hivyo?

Muhula wa kwanza ulikuwa wa kusokota. Githae alienda kwa bucha akaomba ngozi ya kondoo, akapewa ya dopa, kondoo ambaye Mungu alimwumba kwa ajili ya nyama choma peke yake. Manyoya yake ni kama ya mbwa. Alisokota wiki nzima akapata vumbi na mafua. Baadaye akapata sufu ya kweli kutoka kwa mfugaji wa Kinangop, na uzi ukaanza kutoka. Ulitoka mwembamba, kisha mnene, kisha mwembamba tena, kama nyoka aliyemeza panya kadhaa kwa siku tofauti. Githae aliupenda uzi huo. Aliuzungusha kwenye kidole akilala.

Muhula wa pili ulikuwa wa rangi. Binti yao Shiko, aliyeolewa Githurai 45, alimwokotea maganda ya vitunguu pale sokoni mpaka wauzaji wakadhani ni mambo ya uganga. Githae akayachemsha kwenye sufuria ya Idah ya ugali, na familia ikala ugali wa manjano siku mbili. Tena ulinukia vizuri, Githae alisema. Idah aliinunulia hiyo sufuria kufuli.

Lakini mama wa Norway alikuwa amesisitiza: rangi haishiki bila kitu kinachoitwa alum. Hapo ndipo tatizo la Githae linapoingia, na ni afadhali lielezwe mapema. Kikuyu alichonyonya nacho hakina L. Ulimi wake ukikutana na L, huigeuza R bila kumwuliza mwenyewe; hapa zitaandikwa tu zile R zilizoleta balaa. Kwa hiyo alienda Thika mjini, akaingia dukani kwa Abdulkarim, muuza kila kitu, akasema kwa sauti ya msomi:

"Nataka aramu."

"Ya gari ama ya nyumba?" Abdulkarim akauliza.

Githae akafikiri. Sufu iko ndani ya nyumba. "Ya nyumba."

Akaonyeshwa alarm, kengele ya kuzuia wezi, yenye king'ora na taa nyekundu. Walibishana mpaka foleni ikafika mlangoni. Mwishowe Githae akaeleza kwamba hiyo aramu ni jiwe jeupe linaloyeyuka kwenye maji.

"Ya rabi! Mzee, unataka shabu! Ile vinyozi hupaka kidevu kikitoka damu. Si ungesema?"

"Nimesema."

"Umesema nini? Mimi karibu nikuuzie polisi hapa."

Shabu ikapatikana, rangi ikashika, na muhula wa tatu ukafunguliwa: kufuma. Kufuma kunataka mtambo, na mtambo huo kwa Kiingereza huitwa lumu. Sasa chukua hilo neno, ulipitishe kwenye ulimi wa Githae, uone linatokaje upande wa pili. Linatoka rumu. Na rumu, kwa mtu yeyote aliye na akili timamu katika mji wa Ruiru, ni chumba cha kupangisha.

Fundi mmoja wa Landless, kule Thika, alikuja na mbao zake akaijenga hiyo lumu ndani ya sebule ya Githae, akaifunga kwa bolti kwenye sakafu isiteleze. Ilikuwa kubwa kama kitanda cha bwana harusi, na pana kuliko mlango. Kuitoa kungetaka msumeno. Kochi likahamia chumbani, na Idah akaanza kupita sebuleni kwa ubavu kama mwizi anayetoka kwenye ua.

Githae, kwa furaha yake, akatangazia dunia. Kwa kinyozi: "Nimeweka rumu kwa nyumba." Kwenye bomba la maji: "Rumu yangu imekamilika, njooni muione." Watu wakaitikia kwa heshima. Mtu hana kazi, ameweka rumu. Ndivyo waungwana wanavyojikwamua. Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Waithira.

Waithira alikuwa landilodi wa ploti hiyo yote ya nyumba za kupangisha na alikaa pale chini, kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, akihesabu nani anaingia na nani hatoki. Aliwahi kuwa na mpangaji aliyempangishia mpangaji mwingine, ambaye naye alimkaribisha binamu yake na mashine ya kusaga. Tangu hapo sheria yake ilikuwa fupi: mlango mmoja, familia moja. Ukivunja, unatoka.

Kisha akaja Akello, msichana anayefanya kazi kwa shamba la maua, amechoka kutafuta pa kukaa. Alimkuta Githae getini, na Muthoka, mlinzi na msimamizi wa ploti, alikuwa hapo akitengeneza redio yake.

"Habari mzee. Nimeambiwa uko na rumu."

Uso wa Githae ukang'aa. Mwanafunzi! "Iko! Karibu sana. Wewe pia unapenda hii mambo?"

"Nimetafuta mpaka nimechoka. Ni kubwa?"

"Imejaza sebule yote."

"Kwani iko ndani ya sebule yenu?"

"Ningeiweka wapi? Nje itanyeshewa."

Akello akameza mate. Lakini mtu aliyetafuta nyumba Ruiru hakati tamaa upesi. "Stima iko?"

"Haitaki stima. Ni ya miguu."

"Na maji?"

"Maji ni ya rangi peke yake. Wiki hii ni ya vitunguu."

"Sawa," Akello akasema polepole. "Na mlango? Ni wa chuma ama wa mbao?"

Hapo Githae akaguna, maana alikuwa ameguswa kwenye kidonda. Mfumaji akikanyaga pedali zilizo chini ya lumu, nyuzi nusu hupanda na nusu hushuka, na katikati hufunguka pengo ambamo hupitisha kijiti chenye uzi. Pengo hilo Githae aliliita mlango. Na lake lilikuwa halijafunguka hata siku moja.

"Umeuliza swali ya maana sana. Mlango ndio shida. Nakanyaga, nakanyaga, haufunguki."

"Unakanyaga mlango?"

"Na miguu zote mbili."

"Sasa mtu anaingia aje?"

"Mtu haingii. Ni kijiti tu kinaingia hii upande, kinatokea ile ingine. Wewe njoo Jumamosi, ukae juu yake, nikuonyeshe pa kukanyaga."

Akello alirudi nyuma hatua kwa hatua, akitabasamu vile watu hutabasamu wakiwa mbele ya mbwa asiyejulikana, kisha akageuka akatembea haraka.

Muthoka aliona ni wajibu wake kuripoti. Muthoka ni Mkamba wa Machakos, mtu mwaminifu, tena alikuwa ameingia ndani kwa Githae siku ya bolti na kuuona mtambo kwa macho yake. Ukweli wote alikuwa nao mfukoni. Lakini Kikamba nacho hakina R, na watu wa ploti hiyo walikuwa wamezoea kumtafsiri: akisema Luilu wanasikia Ruiru, akisema balabala wanasikia barabara. Kwa hiyo maskini aliposema, kwa mara ya kwanza na kwa usahihi kamili, "Mama, ile kitu ya mwalimu si lumu ya kulala, ni lumu", Waithira alitafsiri kama kawaida.

"Rumu si ya kulala? Kwani ni ya kufanya nini?"

"Ni kitu ya mbao. Imejaa sebule yote. Amepiga bolti kwa sakafu."

"Ngai! Ameniwekea ukuta wa mbao!" Waithira akashika kichwa. "Na huyo msichana alikuwa mpangaji?"

"Alikuja kuuliza lumu."

"Si hapo sasa!"

Alimnasa Idah kwenye bomba la maji. "Mwambie mzee wako hiyo rumu itoke kabla ya Jumamosi. Ama mtoke nayo."

Idah akajaribu. Mungu anajua alijaribu. Ila yeye naye ni Mkikuyu wa Gatundu. "Mama, si rumu. Ni rumu."

"Rumu ni rumu, Idah."

Jioni hiyo Idah hakupiga kelele, jambo ambalo lilimwogopesha Githae kuliko kelele. Aliketi kwenye ukingo wa lumu, maana hapakuwa na kiti kingine kilichobaki sebuleni. "Baba Shiko, hii nyumba iko na maji kila siku. Unajua watu wangapi Gitothua wako na maji kila siku? Mimi nimechagua maji."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Ya nini? Hujatoa hata kitambaa ya kufuta pua."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyouma. Githae alikuwa amefundisha nusu ya madereva wa Ruiru, na wote walimshusha mahali, wakapiga honi, wakaenda zao. Yeye hakuwahi kuendesha kitu chake mwenyewe mpaka mwisho wa safari. Sasa alikuwa na sufu aliyoisokota, rangi aliyoichemsha, nyuzi alizozitanda moja baada ya nyingine mpaka macho yakalia, na kilichobaki ni kitambaa chenyewe. Msumeno ungekuja kabla yake.

Akarudia video ya mama wa Norway. Aliitazama Alhamisi kutwa. Mikono ya yule mama ilionekana safi kabisa, ikienda kulia, ikienda kushoto. Miguu ilikuwa chini, nje ya picha. Githae alikagua vifundo, akavifungua, akavifunga upya. Akamwomba Mungu. Akakanyaga. Mlango ukabaki umefungwa kama ofisi ya serikali saa ya chakula.

Jumamosi Waithira akaja. Nyuma yake Muthoka na msumeno, na nyuma ya Muthoka majirani waliokuwa wanapita tu, kama majirani wanavyopita tu wakisikia msumeno. Waithira akaingia kwa kishindo, tayari kumfukuza mpangaji wa siri, akasimama ghafla.

Hapakuwa na kitanda, wala jiko, wala binamu. Palikuwa na mnyama wa mbao mwenye mamia ya nyuzi tumboni, na mbele yake kimetundikwa kibao cheupe chenye herufi moja kubwa nyekundu: L. Githae alikuwa ameking'oa kwenye lile gari la shule siku ya mwisho.

"Hiyo ni ya nini?" Waithira akauliza.

"Ni ya rana," akasema Githae, akikusudia "learner" ya Kiingereza. "Mwanafunzi. Ni mimi."

Waithira akaisoma ile herufi, akaiweka mahali pa R. Akaitazama lumu. Akamtazama Muthoka.

"Nilisema ni lumu," Muthoka akasema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. "Nikasema tena."

"Wewe hukusema hivyo."

"Nilisema hivyo tu!"

"Nyamaza kwanza." Waithira hakuwa mtu wa kukubali hasara siku ya kwanza. Akainama, akazigusa zile bolti. "Kumbe ni mashine. Mashine ya nini?"

"Ya nguo, mama."

"Nguo iko wapi?"

Majirani wakasogea.

"Nisikize, mwalimu. Kama inatoa nguo, ni kazi ya mtu, na mimi sikatazi mtu kazi. Lakini kama haitoi nguo, hizo ni mbao tu zimetoboa sakafu yangu, na Muthoka atazikata sasa hivi. Haya. Toa nguo nione."

Githae akaketi. Akakishika kile kijiti cha uzi. Akavuta pumzi. Akakanyaga, kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zote, vile alivyokanyaga maisha yake yote. Nyuzi zikatikisika zikatulia. Mlango haukufunguka. Akakanyaga tena. Jasho likamtoka puani. Mtu mmoja kwenye umati akacheka na kujifanya anakohoa.

"Muthoka," Waithira akaita.

Idah alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono imekunjwa. Kabla hajawa mke wa Githae alikuwa mwanafunzi wake, tena mbaya. Gari lilimzimikia kwenye kila mlima wa Ruiru, na Ruiru haina hata milima. Alikuwa amemtazama mumewe akihangaika na hicho kitu wiki kadhaa, lakini siku zote alitazama mikono, kama Githae mwenyewe alivyofanya. Safari hii, kwa kuwa Muthoka alikuwa amemziba na msumeno wake, aliona miguu tu.

"Githae!" akapiga kelele. Hakumwita Baba Shiko. "Umesimamisha gari!"

"Nini?"

"Umekanyaga klachi na breki! Si ndio maana haiendi? Toa mguu mmoja!"

"Gani?"

"Yoyote! Aterere, huyu mtu! Toa mmoja, uwache mmoja! Pole pole! Usiniangalie mimi, angalia mbele!"

Githae akaangalia mbele. Akainua mguu wa kushoto, kwa shida, kama mtu anayeng'oa buti kwenye matope. Na nyuzi nusu zikashuka, na nusu zikapanda, na katikati pakafunguka pengo safi, refu, kutoka upande mmoja wa sebule mpaka mwingine.

"Haiya," akanong'ona.

"Pitisha!" Idah akaamrisha.

Akapitisha.

"Badilisha mguu! Mmoja, nimesema!"

Akabadilisha. Akagonga uzi kwa ile fremu ya kubana nyuzi, du. Akapitisha, akagonga, du. Alipopata wasiwasi miguu yote miwili ilirukia chini na Idah akamtukana kwa Kikuyu, naye akainua mmoja. Majirani waliokuja kuona msumeno wakaanza kuhesabu kwa sauti, kushoto, kulia, kushoto, kama wanafundisha askari. Muthoka akaweka msumeno chini apate kupiga makofi.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha upana wa vidole viwili, cha manjano. Kingo zake zilikwenda kama barabara ya Gitothua baada ya mvua. Mahali pengine palikuwa na kifundo, mahali pengine tundu la kupitisha kidole. Waithira akainama akakipapasa, akakunja uso.

"Inakwaruza. Hii ni nguo ama ni gunia?"

Githae akafungua mdomo, ila Idah alimtangulia. "Mama, mimi kazi yangu ni gunia. Nimelala juu ya gunia, nimeshona gunia, nimebebea mtoto kwa gunia. Ingekuwa gunia ningekwambia. Hiyo ni nguo."

"Mbaya," Waithira akasema.

"Mbaya sana. Lakini ni nguo."

Wanawake wawili wakatazamana. Waithira ndiye aliyepepesa kwanza. Akanyooka, akashika kiuno. "Basi ibaki. Lakini Jumapili mchana nalala, na hiyo du du du sitaki kuisikia. Na siku mkihama, hayo mashimo mtayaziba." Akawageukia majirani. "Nyinyi hamna kwenu?"

Wakatoka wakicheka. Sauti ya Muthoka ilisikika mpaka getini, ikimwelezea mtu kwamba yeye tangu mwanzo alijua, ila nchi hii haisikilizi walinzi.

Ndani, Githae hakuwa ameinuka. Alihofia akiondoka mlango utajifunga na kukataa kumtambua. Alipapasa kile kipande cha vidole viwili, akakipapasa tena. Idah akasogea kwa ubavu mpaka akafika karibu, akainama juu ya bega lake.

"Mstari ingine utaweka rangi gani?"

"Ile ya kokwa za ovakado."

"Ile pinki?"

"Ee."

"Pinki kando ya manjano? Nani atavaa hiyo? Weka ile ya maganda ya kahawa."

"Ya kahawa haijakauka. Iko kwa kamba."

"Si tungoje ikauke."

"Mimi nimepata mlango sasa hivi, Idah. Siwezi kungoja."

"Utangoja," Idah akasema, naye akatoka nje kuugeuza ule uzi uelekee jua, akiufinya hapa na pale kuona kama bado una maji, na akaupepea kidogo kwa kipande cha katoni ili ufanye haraka.